Deni ya mmoja isifungie wawili mlango



Tumezoea kuongea hapa juu ya maji, umeme, njia na usalama. Leo tunaongea juu ya jambo ambalo linafanyika kimya, kwenye parseli, mbele ya mlango wa nyumba ya kupanga. Bwana na bibi wanakuja kutafuta nyumba. Mmoja ana jina safi, kila mwezi alikuwa analipa. Mwengine alitoka kwenye nyumba ya kwanza na deni. Mwenye nyumba afanye nini?

Jibu ambalo tunasikia mara nyingi ni fupi: "Batu benye deni, apana." Na mlango unafungwa kwa wote wawili.

Sisi tunasema hapana, haiko vile. Na hatusemi hivi kwa sababu tunataka wapangaji wakae bure. Mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anaingia kwake. Tunachokataa ni namna anavyochagua, juu ile namna haimlindi hata yeye mwenyewe.

Tuanze na mfano. Tuko na wenzetu wawili, mume na mke, hatutaji majina. Mama anauza viatu na nguo za mitumba. Pale alipokuwa anapanga chumba kabla ya ndoa, hakuwahi kuchelewa kulipa. Bwana alikuwa mwalimu, mshahara wake ulikuwa unapitia benki. Mwisho wa Januari 2025, wakati M23 iliingia Goma, benki zilifunga milango. Feza ilikuwa kwenye konti, lakini haikuwa mfukoni. Wenye nguvu walivuka mupaka kwenda Gisenyi kutafuta kuitoa. Wengine walipitia mobile money, na yule wa kukupa kesh alikuwa anakata yake kabla ya kukupa. Bwana yule alikosa kulipa nyumba miezi ine. Ilikuwa nyumba ya dola 50. Alitoka na deni ya dola 200.

Sasa wameoana na wanatafuta nyumba pamoja. Wameona moja kule Ndosho, vyumba viwili na sebule, dola 60 kwa mwezi. Komisioneri anawapeleka. Mwenye nyumba anauliza: "Bwana anatumika wapi? Mulikuwa munakaa wapi? Juu ya nini mulitoka?" Halafu anapiga simu kwa mwenye nyumba wa zamani. Simu haimalizi dakika mbili. Anarudi na sura ingine.

Kuanzia hapo, kuna njia tatu ambazo tumeona mara na mara.

Ya kwanza ni kukataa moja kwa moja. Miaka yote ile mama alilipa vizuri haihesabiwi. Ni kama hakuwahi kuishi.

Ya pili ni kukubali kwa bei ya kuumiza. "Sawa, mutaingia, lakini garanti ni miezi sita." Wengine wanaombwa zaidi.

Ya tatu ndiyo inatushangaza zaidi. Mwenye nyumba anakubali, anachukua kontra, na anaandika jina moja: jina ya bwana. Yule yule mwenye deni! Mama ambaye biashara yake ndiyo italipa ile nyumba, jina yake haiko. Ukiuliza juu ya nini, unaambiwa: "Mukubwa wa nyumba ni mwanaume."

Tuzifikirie hizi njia tatu, moja moja.

Kwanza, hii habari ya "jina mbaya" inatoka wapi? Benki na vyama vya mikopo viko na daftari ya madeni kwenye Benki Kuu ya Congo. Pale kunaandikwa nani alikopa, alikopa ngapi, amelipa ao bado. Mwenye nyumba wa Ndosho ao wa Majengo hana ile daftari, na ile daftari haihusu pesa ya nyumba. Daftari yake ni mdomo: komisioneri anabeba madeni ya watu kichwani, mwenye nyumba wa zamani anaongea akiwa na hasira, jirani anaongeza chumvi. Ubaya wa daftari ya mdomo ni kwamba haina tarehe, haina sababu, na haina fasi ya kuandika kwamba deni imelipwa. Ukilipa leo dola zako zote 200, kesho komisioneri bado anakuita "ule wa madeni".

Kwa hiyo mwenye nyumba akisikia neno "deni", bado hajajua kitu. Kuna deni na deni. Kuna mtu alikuwa na feza mfukoni, akadanganya miezi mitano, akahama usiku na milango ya mwenye nyumba. Huyo tumjue, na tusimtetee. Kuna mtu aliyefungiwa feza yake na vita. Kuna aliyekimbia nyumba Mei 2021 wakati Nyiragongo ilitapika, akarudi akakuta biashara imeisha. Kuna deni ambayo mtu aliichukua akiwa kijana peke yake, kabla ya kukutana na yule anayeishi naye leo. Zote zinaitwa deni. Lakini haziambii mwenye nyumba kitu kimoja juu ya mwezi unaokuja.

Na swali lake la kweli ni lile la mwezi unaokuja. Haulizi kama huyu bwana alikuwa mtu mzuri mwaka juzi. Anataka kujua kama tarehe 5 atapata dola zake 60. Ili kujibu hilo swali, lazima aangalie nyumba nzima: mama anaingiza ngapi, bwana anaingiza ngapi, wana watoto wangapi shuleni, na likelemba inawakula ngapi kwa mwezi. Kama mapato ya wawili yanabeba dola 60 bila kukata chakula ya watoto, basi deni ya zamani ya mmoja ni jambo la kupangia. Haitoshi kufungia mtu mlango. Na kama mapato hayabebi, hata wawili wenye majina safi kama maziwa watakushinda kulipa mwezi wa tatu.

Sasa garanti. Tunaomba kila kijana anayetafuta nyumba ashike hii kichwani: Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ambayo inahusu kupanga nyumba, inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipite miezi 3. Mitatu. Haisemi mitatu kwa wenye jina safi na sita kwa wenye deni. Vita haikufuta ile sheria.

Na tufanye hesabu, juu hesabu haina upande. Nyumba ni dola 60. Garanti ya miezi 3 ni dola 180. Garanti ya miezi 6 ni dola 360. Tofauti ni dola 180. Yule bwana ana deni ya dola 200. Mnaona? Ile feza ya kuongeza ambayo mwenye nyumba mpya anaomba kwa sababu ya deni, ndiyo karibu ingemaliza deni yenyewe. Badala yake inalala kwa mwenye nyumba mpya, mwenye nyumba wa zamani haoni hata franka, na wapangaji wanaingia ndani ya nyumba wakiwa wameshakopa kwa marafiki kulipa garanti. Yaani mwenye nyumba alikuwa anaogopa mpangaji wa madeni, na yeye mwenyewe amemtengeneza.

Tuje kwa jina kwenye kontra. Hapa tunaomba wanaume wa humu ndani wasome polepole.

Jina kwenye kontra si mapambo. Ndiyo ushahidi kwamba ulikaa pale na ulilipa. Mama akilipa miaka mitatu kwa feza ya mitumba, na kila karatasi ya malipo inaandikwa jina ya bwana, nani ana historia nzuri mwishoni? Bwana. Siku bwana anakufa, ao wanaachana, ao anaenda kutafuta maisha Bunia na harudi, mama anaanza sifuri. Anaenda kutafuta nyumba, anaulizwa: "Ulikuwa unapanga wapi?" Anajibu. "Karatasi iko wapi?" Hana. Miaka mitatu ya jasho yake imeandikwa kwa mtu mwengine. Na mbaya zaidi, kama bwana aliacha deni mpya nyuma, ile deni inamfuata yeye kwenye mdomo ya kartye, hata kama karatasi haimtaji.

Kuna wanaosema sheria ya Congo ndiyo inataka hivyo, kwamba mwanamke hawezi kusinye bila ruhusa ya bwana. Hiyo ilikuwa zamani. Kodi ya Familia ya 1987 ilibadilishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016, na ile ruhusa ya bwana iliondolewa. Leo mume na mke wanapashwa kusikilizana juu ya mambo ambayo yanawafunga. Kusikilizana ni kwa wawili. Katiba nayo, article ya 14, inataka ubaguzi wa wanawake uondolewe, na article ya 48 inahakikisha haki ya kuwa na fasi nzuri ya kuishi. Mwenye nyumba anayekataa jina ya mama hafuati sheria, anafuata mazoea.

Na mazoea yale yanamuumiza yeye pia. Bwana peke yake akisinye, na bwana akashindwa, mwenye nyumba atamwuliza nani? Mama atasema kwa haki: "Mimi sikusinye kitu." Lakini kama wote wawili wamesinye, na kontra inasema wazi kwamba kila mmoja anajibu kwa pesa yote ya nyumba, mwenye nyumba ana milango miwili ya kugonga. Mmoja akiishiwa, anamwuliza mwengine dola zote 60, hamwulizi 30. Huo ndio ulinzi. Sahihi mbili ni bora kuliko garanti ya miezi sita, na haimtoi mpangaji hata franka moja.

Hapo tunaona pia kwamba haifai kufanya kinyume, yaani kuweka jina ya mama peke yake juu yeye ndiye "safi", na kumficha bwana nyuma ya pazia. Tumewaona wenzetu wakijaribu. Mama anatumwa peke yake kutafuta nyumba, anasema yuko na watoto tu, na baada ya wiki mbili bwana anaonekana na valizi. Mwenye nyumba anajisikia amedanganywa, na ana haki. Na mama anabeba mzigo wote kwenye karatasi, wakati mtu mzima mwengine anakula na kulala mule mule bila kujibu kwa kitu. Jina safi ya mmoja si nguo ya kumwazima mwengine ajifunike.

Tunajua wenye nyumba watatujibu. Tumeshawasikia, na wengine ni wazazi wetu wenyewe. "Nyinyi vijana munaongea tu. Mimi ni mujane, nilijenga hii nyumba na bwana yangu, ile dola 60 njo minerval ya batoto. Mtu akikaa miezi sita bila kulipa, ninamupeleka wapi? Tribinali? Na nani atanilipia avoka?"

Mama, tunakusikia. Si kila mwenye nyumba ni tajiri wa Himbi mwenye etaji mbele ya ziwa. Wengi wana vyumba viwili nyuma ya parseli na wanakula kwa ile feza. Na mwaka 2025 umewapiga pia, feza yao nao ilifungwa benki. Ndiyo maana hatukuombi uhurumie watu. Tunakuomba uchague vizuri. Hofu yako ni ya haki, lakini kipimo unachotumia ni kibaya: kinakataa mama mwenye biashara inayotembea kwa sababu ya simu ya dakika mbili, na kinapitisha kijana mwenye suti nzuri na maneno tamu ambaye hana deni kwa sababu hajawahi kulipa nyumba yake mwenyewe.

Halafu kuna swali ambalo ni letu sote. Wengi wetu tuna diplome na hatuna kazi. Tunaishi kwa vibarua, biashara ndogo, feza ya ndugu. Ni nani kati yetu ambaye hana deni fasi moja? Kama deni ya mmoja inatosha kukataa wawili, basi kila kijana atakuwa anaoa akiuliza kwanza madeni ya mwenzake kama polisi. Na wengine wataendelea kuishi kila mtu kwa wazazi wake, na mtoto katikati, wakingoja siku ambayo majina yote mawili yatakuwa safi. Katika muji ambapo vita inarudi kila miaka michache na volkano iko pale juu inatuangalia, ile siku haiko karibu.

Kwa hiyo, hivi ndivyo tunaomba.

Kwa wenye nyumba na makomisioneri:

1. Ulizeni wote wawili maswali yaleyale, mama na bwana, wakiwa pamoja. Nani anaingiza ngapi, tangu lini, na anatoa ngapi kila mwezi.

2. Mkisikia juu ya deni, ulizeni mambo matatu: ilikuwa lini, ilitokana na nini, na kumefanyika nini tangu pale. Mtu ambaye amerudi kwa mwenye nyumba wa zamani na wamepatana kulipa polepole, si sawa na mtu ambaye amezima simu.

3. Andikeni majina mawili kwenye kontra, na wote wawili wasinye. Andikeni kwamba kila mmoja anajibu kwa pesa yote.

4. Garanti isipite miezi 3. Kama bado mna hofu, ombeni mtu wa tatu asimame kama shahidi na mdhamini, mzazi ao mkubwa wa familia, lakini msigeuze garanti kuwa amende.

5. Kila mwezi toeni karatasi ya malipo yenye tarehe na majina mawili. Ile karatasi inawalinda nyinyi pia siku ya mabishano.

Kwa wapangaji, wenzetu:

1. Sema deni yako wewe mwenyewe kabla mtu hajaisema. Deni iliyosemwa na mwenyewe ina maelezo. Deni iliyosemwa kwenye simu ina matusi tu.

2. Semeni kwanza nyinyi kwa nyinyi. Tumeona mama akijua deni ya bwana yake mbele ya mwenye nyumba, siku ile ile. Aibu ile haiishi haraka.

3. Rudi kwa mwenye nyumba wa zamani. Hata dola 10 kwa mwezi. Andikeni mapatano kwenye karatasi mbele ya nyumbakumi ao chefu wa avenyu, na ukimaliza omba aandike kwamba umemaliza. Ile karatasi ndiyo dawa ya mdomo.

4. Weka karatasi zako zote za malipo. Mama, omba jina yako iandikwe, hata kama feza imepelekwa na bwana.

5. Msichukue nyumba inayowashinda ili mwenye nyumba awaheshimu. Nyumba ya dola 40 ambayo unalipa inakutengenezea jina. Ile ya dola 80 itakuvunjia.

Na sisi wenyewe, kwenye seli zetu za kartye, tusiishie kuandika. Tuko na watu waliosoma sheria na hawana kazi. Basi kazi iko hapa: kusaidia wapangaji na wenye nyumba kuandika kontra ya majina mawili, karatasi ya mapatano ya deni, karatasi ya malipo ya kila mwezi. Haiombi feza kubwa, haiombi ruhusa ya mtu. Inaomba kalamu, karatasi na muda, na muda tunao.

Wale wenzetu wawili bado wanatafuta. Mama bado anauza mitumba kila siku, na jioni anahesabu feza ya nyumba ambayo hajapata. Bwana ameanza kurudisha kwa mwenye nyumba wa zamani, kidogo kidogo. Amebaki na dola 140. Mwenye nyumba atakayewafungulia mlango kabla zile 140 hazijaisha, na akaandika majina yao yote mawili, hatakuwa amewapa sadaka. Atakuwa amepata wapangaji wawili wanaojibu, fasi wengine waliona deni moja tu.

Haki ya kupata fasi ya kulala inaanzia kwenye mlango wa nyumba. Tuanze pale.

Imefanyika Goma,
Sisi vijana wa muji